Kuvaa uhusika na kuuvua: mwongozo wa kuigiza filamu inayoumiza

Mwigizaji anaambiwa mwanawe amefariki. Anashika kichwa kwa mikono miwili, anapiga magoti, analia hadi mishipa ya shingo inasimama. Kamera inazimwa, kikosi kizima kinampigia makofi, mtu anasema "hapo umeua!" Miezi mitatu baadaye filamu inaonyeshwa, lile onyesho linafika, na ukigeuka kuwatazama watu ukumbini unakuta nyuso zao zimemulikwa na simu.

Nimeongoza filamu ya namna hiyo mimi mwenyewe, na jina lake silitaji. Nilichojifunza kwayo, na kwa zile zilizofuata, ndicho nitakachokieleza hapa hatua kwa hatua, kwa yeyote anayetaka kupiga filamu nzito akiwa na kamera moja, waigizaji wa mtaani na pesa za kubahatisha. Mtazamaji haumizwi na machozi ya mwigizaji. Anaumizwa na mtu mwenye shughuli zake, anayejikaza asilie, kisha anashindwa mbele ya macho yetu. Kufika hapo lazima mwigizaji avae uhusika kweli kweli, na neno "kuvaa" nalichukua kama lilivyo: kinachovaliwa huvuliwa.

Jambo moja nilitangulize, maana tuko Pwani. Watu wetu wakimwona mwigizaji amezama, husema amepandwa na pepo. Ni sifa, nami huipokea. Lakini aliyepandwa hajijui. Pepo akishuka ndipo anapoambiwa na wenziwe alichokifanya. Mwigizaji anatakiwa ajue kamera iko wapi, taa inampiga upande gani, na kwamba kisu alichoshika ni butu. Uhusika ukimpanda hadi akayasahau hayo, mwenye kosa ni mwongozaji.

Mfano nitakaoutumia ni filamu fupi ya dakika 14 tuliyoipiga katika nyumba moja ya Kiswahili huko Majengo, Mombasa. Mama anamfungia mwanawe chumbani ili aache unga, yaani heroini. Mwana yuko ndani na arosto yake, yale mateso ya mwili yanayomjia mtumiaji akiukosa unga; mama yuko uani, ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso. Hakuna anayepigwa, hakuna damu, hakuna polisi. Ni mlango tu.

Hatua ya 1: Mtafutie mhusika kitu cha kushikika

Kabla ya mazoezi yoyote, kaa na kila mwigizaji umuulize: mhusika wako anataka nini katika onyesho hili? Jibu la kwanza huwa ni la mabango ya barabarani. "Anataka mwanawe apone." "Anataka haki." "Anataka uhuru." Yote ni kweli na hayaigiziki, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuushika uhuru mkononi.

Wakenya wengi wamemwona Lupita Nyong'o katika filamu ya 12 Years a Slave ya mwaka 2013, ile iliyompa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Onyesho lake linaloumiza kuliko yote linaanzia kwenye sabuni. Patsey, mtumwa anayemwigiza, ametoka kwenda shamba la jirani kutafuta kipande cha sabuni ili aoge. Hakukimbia, hakuasi. Ametaka kuwa safi, basi, na kwa hilo anapigwa mijeledi. Angekuwa anapigania uhuru tungemvulia kofia. Kwa vile anapigania sabuni, tunashindwa hata kukaa vizuri kwenye viti.

Kwa hiyo mrudishe mwigizaji kwenye skripti mpaka apate kitu. Mama wa filamu yetu, baada ya kuzunguka sana, tulikubaliana kwamba anataka mwanawe anywe uji kesho asubuhi. Uji tu. Ukishapata kitu cha namna hiyo, andika pembeni ya kila ukurasa kinachomzuia asikipate. Hapo kazi ya skripti imekwisha, usiipige lami zaidi.

Hatua ya 2: Nenda ukaone, na uende kwa adabu

Kijana aliyemwigiza mwana alikuja siku ya kwanza na arosto aliyoitoa kwenye filamu za watu: anajitupa sakafuni, anapiga makelele, anakuna mikono. Nikamwambia aende kwanza akaongee na waliowahi kupita huko. Mombasa hakuna uhaba wa watu hao. Kuna walioacha miaka mingi na sasa wanawasaidia wenzao, kuna wanaokwenda kila siku kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, na kuna mama zao, ambao ndio waliotufaa kuliko wote.

Alirudi na mambo ambayo asingeyabuni. Kwamba arosto huanza kwa miayo. Mtu anapiga miayo mfululizo, na pua inamtiririka kama mwenye mafua. Macho yanatoa machozi yasiyo ya kilio. Vinyweleo vinasimama na jua lote hili la Kaskazi. Kisha ndipo inakuja mifupa kuuma, tumbo kukatika, kuhara, kutapika, miguu isiyotulia kitandani. Huanza ndani ya siku moja tangu kete (kipakiti cha unga) ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki moja hivi mwili huanza kutulia, ingawa hamu yenyewe haina haraka ya kuondoka.

Miayo ile ndiyo iliyotupa filamu. Mama anamsikia mwanawe akipiga miayo nyuma ya mlango na anajua kinachokuja. Mtazamaji asiyejua anadhani kijana ana usingizi. Anayejua, na hapa mjini wanaojua ni wengi, anaanza kuumia dakika nne kabla ya jirani yake.

Sasa adabu. Usiende na kamera. Usimpe mtu pesa kwa hadithi yake ikiwa pesa hiyo itageuka kete kabla ya jioni. Kaa naye, mle chakula pamoja. Mwambie kazi yako ni ipi na akikataa ondoka. La muhimu zaidi: usimwige mtu mmoja. Chukua miayo ya huyu, kukunja vidole kwa yule, kimya cha wa tatu, kwa sababu mji huu watu wanajuana, na ukiiga mwendo wa mtu mmoja, Majengo nzima itamtambua kabla filamu haijafika katikati.

Hata wakubwa hujikwaa hapa. Lupita huyo huyo, kwa filamu ya Us ya mwaka 2019, alieleza kwamba sauti ya mmoja wa wahusika wake ilichochewa na maradhi halisi ya koo yanayomkaba mtu sauti. Wanaoishi na maradhi hayo walilalamika kwamba hali yao imegeuzwa kitisho, naye akawaomba radhi hadharani. Sauti yenyewe ilikuwa kazi kubwa ya uigizaji. Malalamiko nayo yalikuwa na haki.

Hatua ya 3: Ipe mikono kazi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa hiyo nivumilie.

Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863 na aliyeshiriki kuanzisha Jumba la Sanaa la Maonyesho la Moscow mwaka 1898, alitumia maisha yake yote akitafuta njia ya kumfanya mwigizaji ahisi kweli kila usiku, hata akiwa amechoka. Alipita njia nyingi. Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1938, alikuwa ameelemea jambo moja rahisi: hisia haiamrishwi, kitendo huamrishwa. Huwezi kujiambia "huzunika" ukahuzunika. Unaweza kujiambia "panga viatu vya marehemu", ukavipanga kimoja kimoja, na ukifika kile chenye kisigino kilicholika upande mmoja, huzuni inakuja yenyewe bila kuitwa.

Mama yetu tulimpa nazi. Aliyemwigiza ni mama mtu mzima ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera. Maisha yake yote amepika na kuuza mahamri na mbaazi. Tulimkalisha uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mgongo wake ukielekea mlango uliofungwa, na maagizo yangu yalikuwa machache: ikune nazi hii ya wali, na usigeuke. Mwana naye ndani aliambiwa amfanye mama ageuke, kwa njia yoyote ile ya maneno.

"Mamangu, nifungulia."

Mama anakuna.

"Mama, nna kiu tu. Wallahi kiu tu."

Anakuna.

"Wewe si mamangu. Mama gani huyu?"

Anakuna kwa nguvu zaidi, na mbuzi inaanza kulia kwenye saruji. Sikumwambia azidishe nguvu. Ile kelele ilikuwa silaha pekee aliyokuwa nayo ya kuzuia masikio yake, na mikono yake iligundua hivyo kabla yake. Hakutoa chozi hata moja katika onyesho lile. Mshika taa wetu ndiye aliyelazimika kutoka nje.

Jaribu zoezi hili wewe na kikosi chako. Chukua onyesho zito mlilonalo, uondoe machozi yote, kisha umpe mhusika kazi ya nyumbani anayoijua vizuri: kuchambua mchele, kukunja nguo, kupara samaki, kutia uzi kwenye sindano. Kazi lazima iwe ya kweli na iwe na mwisho. Mchele uchambuliwe upikwe, tutakula. Mwigizaji asijifanye anachambua, maana kamera inaona mkono usio na nia. Kisha mletee habari mbaya katikati ya kazi na umkataze kuiacha.

Mfano mkubwa zaidi ninaoujua unahusu meli iliyokuwa ikija kwetu. Aprili 2009 meli ya mizigo Maersk Alabama ilikuwa njiani kuelekea bandari ya Mombasa ilipovamiwa na maharamia wa Kisomali. Filamu ya kisa hicho, Captain Phillips, ilitoka mwaka 2013 chini ya mwongozaji Paul Greengrass. Wengi wanakumbuka risasi na boti. Mimi nakumbuka dakika chache za mwisho. Nahodha ameshaokolewa, anapelekwa chumba cha matibabu, na mhudumu mwanamke anamuuliza unaumia wapi, damu hii ni ya nani, vuta pumzi, toa pumzi. Mhudumu yule hakuwa mwigizaji: alikuwa mwanajeshi wa majini ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na akaambiwa aifanye kama siku zote. Onyesho lile halikuwamo kwenye skripti. Tom Hanks, anayemwigiza nahodha, anajaribu kumjibu kama mgonjwa mwenye heshima zake, maneno yanakataa, mwili unatetemeka. Mmoja anafanya kazi, mwingine anajaribu kushirikiana na kazi hiyo na anashindwa. Hakuna hotuba ya mateso ambayo ingefikia pale.

Hatua ya 4: Kidonda kibichi kiache nyumbani

Kuna waalimu watakaomwambia mwigizaji akumbuke msiba wake mwenyewe ili apate machozi. Njia hiyo ilipata umaarufu New York kupitia Lee Strasberg, aliyeisisitiza sana kumbukumbu ya hisia katika mafunzo ya Actors Studio, kituo cha waigizaji cha huko. Mwenzake Stella Adler hakukubaliana nayo. Mwaka 1934 alikutana na Stanislavski mwenyewe huko Paris, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa, akarudi Marekani akisema uzito uwekwe kwenye mawazo ya kubuni na mazingira ya mhusika, si kwenye makovu ya mwigizaji. Ugomvi wao haujaisha mpaka leo, na mimi niko upande wa mama huyu.

Sababu yangu ni ya mtaani kabisa. Waigizaji wetu hawana mtaalamu wa nafsi wa kuwapokea baada ya kazi. Kijana akifukua kifo cha babake saa nne asubuhi, saa sita anapanda matatu kurudi Kisauni peke yake na kaburi liko wazi. Kanuni ninayoitumia: msiba ambao bado huwezi kuusimulia bila sauti kukatika, usiulete mazoezini. Ulete ule uliokwisha kauka, ikiwa lazima.

Badala yake tumia neno "kama", ambalo ni la Stanislavski pia. Usimuulize mwigizaji "ulihisi nini babako alipokufa?" Muulize "kama ungekuwa na ufunguo kwenye pindo la leso, na mtu unayempenda anakuomba maji, ungeweka wapi mikono?" Swali la pili lina jibu linaloigizika, na halimwachi mtu na deni.

Hatua ya 5: Kaeni ndani ya nyumba

Sasa ndipo wanapozama. Tafuta mahali penyewe, si ukumbi wa mazoezi, na mkae humo kama wahusika kwa saa kadhaa bila kamera. Sisi tulikaa saa nne, kuanzia adhuhuri. Simu zilikusanywa kwenye kapu. Waliitana mama na mwanangu muda wote. Mwana alifungiwa kweli, dirisha likiwa wazi na mmoja wetu akiwa nje ya dirisha hilo. Mama alipika, alifua, akaenda baraza kuongea na jirani (tuliyemwambia), akarudi. Katika saa ya tatu, wakati hakuna kinachotokea, mama alichukua kiti cha plastiki akakiweka karibu na mlango, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye mbao. Ndani, bila kumwona, kijana naye alikuwa ameegemea upande wa pili. Walikaa hivyo karibu dakika kumi. Picha ile ndiyo iliyokuwa bango letu, na haikuwa kwenye skripti.

Wakati mwingine mshangao husaidia. Katika Captain Phillips, waigizaji wanne wa Kisomali, akiwemo Barkhad Abdi ambaye hakuwa ameigiza kabla ya hapo, hawakukutanishwa na Tom Hanks mpaka kamera ilipokuwa ikizunguka na wao wakivamia chumba cha usukani. Hofu mnayoiona pale ina sehemu ya kweli ndani yake.

Lakini pima. Hanks alijua maharamia wanakuja. Alichokosa ni kuwazoea sura. Hilo ni tofauti na kumtendea mwigizaji kitu ambacho hakukikubali ili unase sura yake. Mwaka 1972 Maria Schneider, aliyekuwa na miaka 19 walipopiga Last Tango in Paris, alifanyiwa katika onyesho la kubakwa jambo ambalo hakuambiwa mapema. Alisema miaka mingi baadaye kwamba alijihisi amedhalilishwa, na mwongozaji Bernardo Bertolucci alikiri kwamba alimficha kwa makusudi kwa kuwa alitaka aone hisia za msichana, si za mwigizaji. Mimi jambo hilo siliiti uongozaji. Mshangao wa sura, wa sauti, wa wakati: sawa. Mshangao unaogusa mwili wa mtu, dini yake au watoto wake: hapana, hata filamu ikose tuzo.

Ndiyo maana kabla ya kukaa ndani mnahitaji neno la kusimamisha. Lisiwe "acha", "basi" wala "inatosha", kwa sababu hayo wahusika wenyewe watayasema na hamtajua nani anaongea. Letu lilikuwa "nanga". Likisemwa, na yeyote yule, hata mbeba nyaya, kazi inasimama hapo hapo na hakuna anayeulizwa kwa nini. Lilisemwa mara moja tu. Alilisema mama, kijana alipomwambia neno ambalo mwanawe wa kuzaa aliwahi kumwambia. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukalifuta neno lile, tukaendelea.

Hatua ya 6: Siku ya kupiga picha

Vibali kwanza: unahitaji leseni ya kupiga filamu, na filamu ikikamilika ipelekwe Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ipangiwe daraja, kuanzia GE ya wote hadi 18. Na usitoe kamera kwenye feri ya Likoni bila ruhusa, utatembezwa ofisi hadi ofisi.

Anzeni na mazoezi makavu, yaani bila hisia yoyote. Mama anakaa pale, ananyanyuka hapa, taa hii, sauti ile. Mwigizaji aseme maneno kama anayesoma orodha ya bei za Kongowea. Hifadhi uigizaji kwa kamera, maana onyesho zito lina teki (yaani kupigwa mara moja mbele ya kamera) tatu nzuri, nne kwa bahati; ya tano huwa ni kumbukumbu ya ya pili.

Onyesho zito lisiwe la kwanza asubuhi wala la mwisho usiku. Libakishieni siku yote ya polepole baada yake. Punguza watu: wanaobaki ni wenye kazi. Nasi wa Mombasa tuna adui wetu, kunguru. Wamenikatizia maonyesho mengi kuliko tuktuk na jenereta kwa pamoja. Dawa niliyoipata ni kupiga kati ya adhuhuri na alasiri, wakati hata wao joto limewashinda, na kuuliza msikitini nyakati za adhana ili usimkate mwigizaji katikati. Adhana ikiingia ndani ya teki nzuri, iache. Hakuna nyumba ya Majengo isiyosikia adhana.

Kamera nayo isizunguke zunguke. Katika filamu iliyotoka mwaka 1928, Mdenishi Carl Theodor Dreyer alipiga mateso ya Joan wa Arc, msichana Mfaransa aliyehukumiwa kuchomwa moto, karibu yote kwa picha za karibu za uso wa Maria Falconetti, bila vipodozi, na filamu yenyewe haina sauti. Karibu miaka 100 baadaye bado ni vigumu kumtazama machoni. Huhitaji vifaa vya bei kwa hilo. Unahitaji uso uliozama na mpiga picha mwenye subira. Na onyesho la mijeledi nililolitaja juu, mwongozaji Steve McQueen alilipiga kwa shoti moja ndefu. Ukikata, mtazamaji anapata pa kupumulia. Ukiendelea, anabaki mle ndani na wahusika. Sisi onyesho la nazi tulilipiga shoti moja ya dakika tano na nusu.

Mwisho wa shoti hiyo fundi wetu wa sauti alivua visikizio akalalamika. Alisema sauti ya mbuzi imebadilika, imekuwa ya kukwaruza, inaumiza sikio, na tuipige upya. Nilimtazama mama, nikaona hawezi kupiga upya. Nikasema tutaichukua hivyo hivyo.

Hatua ya 7: Mvue

Hatua hii waongozaji wengi huiruka kwa sababu gari la kukodi linasubiri. Usiiruke. Tenga nusu saa.

Nguo za mhusika zivuliwe pale pale na zibaki kwenye seti. Mwigizaji asirudi nazo nyumbani hata kama ni zake. Anawe uso na mikono kwa maji baridi. Kila mtu amwite kwa jina lake halisi na amuulize jambo la maisha yake: mjukuu anaendeleaje, umeme ulirudi? Walioigiza maadui wakumbatiane au wapeane mikono, kulingana na wanavyojiheshimu. Kijana wetu alimbusu mama mkono, akamwambia "nisamehe kwa yale maneno." Mama akamwambia "maneno gani?" Kisha watu wapate chakula pamoja. Chakula kina kazi yake hapa, mwili ulioshiba huamini kwamba hatari imepita.

Siku ya pili mpigie kila mmoja simu. Siku ya saba tena. Akikwambia halali usingizi, au anajikuta akiongea kama mhusika, msitanie. Aende akaonane na mshauri, na kama kulikuwa na onyesho jingine la kupiga, lisubiri.

Hatua ya 8: Mezani kwa mhariri

Mrusi mwingine, Lev Kuleshov, alifanya jaribio ambalo kila mhariri anapaswa kulijua. Alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, usioonyesha lolote, akaupachika baada ya bakuli la supu, baada ya jeneza, baada ya mwanamke. Watazamaji waliona njaa, msiba, tamaa. Uso ulikuwa ule ule.

Kwa hiyo ukiwa na uso wa mama aliyetulia na sauti ya mwana anayeomba maji, usiongeze kinanda. Muziki wa huzuni humwambia mtazamaji ahisi nini, naye mtu mzima akiamrishwa hukaidi. Tulikuwa na teki moja ya onyesho jingine ambayo mama alilia, kilio kizuri cha kweli, na nilikaa nayo siku tatu kabla ya kuitoa. Iliumiza. Lakini akilia yeye, mtazamaji anapumua. Onyesha kilio kimoja katika filamu nzima, au usionyeshe hata kimoja.

Kabla ya kuituma popote, iwekee turubai nyeupe mtaani kwenu na uwaonyeshe wenyewe wanaoyajua hayo mambo. Kaa nyuma, usiangalie filamu, angalia mabega ya watu. Sisi tulionyesha uani, nyumba mbili kutoka tulipopigia. Miayo ilipoanza, safu ya akina mama mbele ilinyamaza kabla ya vijana. Onyesho la nazi lilipofika mwisho, ile sauti ya kukwaruza ikasikika kubwa kwenye spika, nikajikunyata, nikijua fundi wangu anasema moyoni "nilikwambia."

Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka alimgeukia mwenziwe, akaongea kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: "Nazi imekwisha kitambo. Anakuna kifuu."